Pembeni mwa Daftari la Korosho

Mjomba wangu Chinguile, karani wa mizani
ghala la ushirika, Newala,
hakumwibia mkulima kilo hata moja.
Aliiba pembe za daftari.

Kila ukurasa, chini, kulia, kwa kalamu ya risasi:
mwanamke mdogo kama punje ya mtama,
ndoo kichwani, anateremka ngema kufuata maji.
Ukurasa wa kwanza, mguu wa kushoto.
Wa pili, kisigino kimeinuka.
Wa tatu, ndoo imeyumba kidogo.
"Tazama," akasema, akaziachia kurasa kwa dole gumba,
frrrrr,
na mwanamke akatembea.

Nilikuwa na miaka sita. Niligeuza daftari
nione anatokea wapi.

Lilikwisha kabla hajafika bondeni.
Msimu uliofuata korosho zilikuwa haba,
daftari jipya halikuletwa.

Kisha likaja gari la sinema la serikali.
Wakatundika shuka la hospitali ukutani mwa ghala,
muhuri wa bluu ungali katikati: MALI YA WILAYA.
Kabla ya filamu ya kuchimba vyoo
wakatuonjesha katuni:
mbwa mwenye kofia akimfukuza bata,
na kila akikatiza muhuri anakuwa bluu,
mali ya wilaya kwa nukta moja,
halafu yuko huru tena.
Tulicheka hadi jenereta halisikiki.
Mbwa akakanyaga baruti.
Akalipuka, akawa masizi na macho mawili.
Akajikung'uta. Akaendelea na mbio.

Nkapoche hakucheka.
Yeye alivuka Ruvuma wakati wa vita vya ng'ambo,
mguu mmoja akauacha huko,
kwenye bomu lililofukiwa njia ya shambani.
Akaegemea gongo lake, akamwambia mwenye mashine:
"Rudisha."

Mwenye mashine akadhani amefurahi. Akarudisha.
Moshi ukarudi kuingia ardhini,
mbwa akakusanyika kipande kwa kipande,
mguu ukashuka kutoka hewani, ukajibandika,
akaenda kinyumenyume, mzima,
hatua tatu kabla ya baruti.
"Hapo," akasema Nkapoche. "Msimamishe hapo."

Akasimamishwa.
Nasi tukamwona, mzima, mguu umenyanyuliwa,
mpaka doa la kahawia likachipuka kifuani pake,
likatanuka, likamla,
likala na kofia,
tukabaki na shuka jeupe na muhuri.
Taa ile, tuliambiwa, huichoma picha isiyotembea.

Siku zikaja za vibanda vya video,
shilingi hamsini mlangoni, kumi kama umesimama nje dirishani.
Zikaja rangi. Zikaja sauti za Kijapani
na mtafsiri wetu Mchopa aliyemfanya kila jitu
liongee kama mwenyekiti wa kijiji.
Mjomba alikataa kuingia. "Wanakimbia mno," alisema,
"hawa hawajawahi kubeba kitu."

Leo Somoe, mjukuu wa dada yangu,
amerudi na simu iliyopasuka kioo.
"Sekunde moja, babu, picha kumi na mbili.
Ukikosa moja, jicho linajua."
Nikampa daftari. Mchwa walikwisha kupita.
Amepiga picha kila pembe, zile zilizosalia,
akazipanga, akabonyeza:
mwanamke anashuka, anatoweka tunduni,
anatokea mbele kidogo, ndoo ileile,
kama mtu apitaye nyuma ya minazi.

"Nijaze matundu?"
Nikamwambia ayaache.
"Na mwisho? Mjomba alitaka ayakute maji?"

Hilo sikulijua. Miaka ile bomba la Newala
lilikuwa linatoa upepo tu.
Nikanyamaza, naye akaanza kuchora,
ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza,
kisigino, goti, kisigino,
hadi jogoo wa jirani.

Alfajiri nimemkuta amelala kifudifudi mezani.
Simu inaning'inia kwenye asilimia mbili.
Skrini hii haichomi kitu kilichosimama:
mwanamke yupo, mguu mmoja hewani,
chini yake mstari mmoja wa bluu
ambao waweza kuwa mto,
au kidole cha Somoe kiliteleza usingizini.

Sijamwamsha kumuuliza.