Dadu la Baba

Nimelirusha mara mia sita,
siku tatu mfululizo, usiku, kwenye meza ya jikoni,
hapa Kutaisi, theluji ikipanda ngazi kimya kimya kama mdai.
Ni dadu la mfupa, pembe zimelika.
Kwa dadu hili baba alishinda shamba la mizabibu
la akina Vazha, kipupwe kimoja kabla sijazaliwa.
Jumapili, makaburini, glasi mkononi,
Vazha alisema mbele ya watu:
"Lilitiwa risasi ndani. Bondo alikuwa mwizi."

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Sikumjibu.
Nilirudi nikapiga mistari kwenye daftari.

Dadu likiwa safi, kila uso una fungu lake:
mia, na mia, na mia, hadi uso wa sita.
Hayo ndiyo matarajio. Hayalewi, hayana shemeji.
Na haya ndiyo niliyoyaona:
moja, tisini na moja;
mbili, tisini na saba;
tatu, themanini na nane;
nne, mia na mbili; tano, tisini na nane;
na sita

mia moja ishirini na nne.

Nikaweka kalamu chini. Chai ikapoa.
Sita ndiyo iliyotuezekea paa,
ikanivisha viatu, ikanilipia chuo.

Lakini jicho si mizani. Nikatoa tarajio katika onekano,
nikazidisha kila tofauti kwa nafsi yake,
ili pungufu na ziada zisifichane,
nikagawa kwa mia, nikajumlisha:
nane nukta moja nane.
Nyuso sita, toa mmoja: mstari wa tano wa jedwali.
Pale hudaiwa kumi na moja na ushei
ndipo ukelele wa mwizi upigwe.
Haukupigwa.

Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa,
maana jedwali halikusema "hakuiba."
Lilisema: katika madadu saba safi
moja hupinda namna hii, au zaidi, kwa bahati tu.
Kisha likanyamaza, kama shahidi aliyekula chumvi ya pande zote mbili.

Kesho nitampelekea Vazha daftari.
Ataelewa nusu, nusu atatukana.

Najua swali ambalo Lamzira, wa dawati la mbele, angeniuliza:
"Mwalimu, kwa nini usirushe mara elfu sita?"

Swali zuri, Lamzira.
Dadu nimelizika ndani ya kopo la unga wa mahindi,
na kifuniko nimekikaza kwa mikono miwili.