Thumuni ya Bunduki

Marehemu aliacha ng'ombe tisa, shamba la korosho hapa Witu,
deni dukani kwa Mahazi,
na bunduki moja yenye kitabu chake.

Walikuja nikiwa ndani ya eda, wiki ya pili.
Sajini alivua kofia, akavua na viatu,
akakaa mkekani kama aliyekuja kutoa rambirambi,
na rambirambi alizitoa. Kisha akatoa karatasi.
"Mama, leseni ilikuwa ya Shekue. Shekue hayupo.
Kwa hiyo na hii haina mwenyewe."
Nikamjibu nyuma ya pazia:
basi na mimi, mwanangu, nichukue, niandike.
Hakucheka. Aliandika namba ya mtutu mara mbili,
maana mara ya kwanza kalamu ilikwama.

Shekue aliilipia kila mwaka,
hata mwaka wa njaa tulipouza mtamba tupate ada.
Stakabadhi zimo kwenye mkebe wa biskuti, ishirini na mbili.
Waliopita usiku ule wa moto
hawakuwa na mkebe;
sheria haikujua wapi pa kuwapigia hodi.
Sheria huijua nyumba iliyojiandikisha.

Kadhi kule Lamu alikuwa mtu wa hesabu.
Bunduki ni mali, akasema, na mali ina mafungu.
Arubaini: Lali kumi na manne, Aboud kumi na manne,
Barke saba, mimi matano.
Thumuni ya bunduki!
Nikarudi na boti ya Mokowe nikiipima kichwani.
Thumuni ni ipi? Mkanda wa ngozi? Kifyatuo?
Au ule mlio wake peke yake,
nipewe mimi niufungie kabatini
niutoe mbogo wakija?

Lali hakutosheka. Akaenda Malindi, Mahakama Kuu,
na wakili wa kukopa na suruali ya Idi.
Miezi kumi na minne ya "kesi itatajwa tena".
Jaji alisoma kurasa thelathini na moja.
Tulishinda. Najua tulishinda
kwa sababu wakili alitupa mkono, kisha akadai salio.
Kunyang'anywa bila kusikilizwa si haki, ndivyo ilivyoandikwa;
lakini mali hurithiwa, ruhusa hairithiwi,
basi Lali aombe upya
na bodi imjibu ndani ya siku tisini.

Siku ya tisini na moja mbogo waliingia kwenye mahindi.
Siku ya mia na kumi Nairobi wakajibu:
maombi ya upande wetu yamesimamishwa,
kwa usalama wetu.
Nililisoma neno lile na sufuria mkononi, na mwiko,
sauti imenikauka kwa kufukuza tangu saa nane za usiku.

Na sikuipenda, ile bunduki. Niseme kweli.
Ililala kati ya ukuta na kitanda miaka yote,
na kila Shekue alipoota vibaya
mimi niliusikiliza mkono wake, unakwenda wapi.
Pengine sajini alinifanyia hisani.
Ndani ya nyumba hii sina wa kumwambia hivyo.

Ametokea mnunuzi, mwenye ranchi na kitabu kilicho hai.
Elfu arubaini, hazidishi;
anasema imeshika kutu huko ghalani kwao.
Fungu langu elfu tano.
Lali hataki kusikia. Barke anataka karo ya chuo.
Aboud hapokei simu.

Kitu kimoja sajini hakukiandika, wala Kadhi hakukigawa:
kichupa cha mafuta na kitambaa cha kusugulia,
vilibaki nyuma ya mlango.
Jana usiku nilitia matone mawili kwenye cherehani.
Ikaenda bila kelele.
Chumba kizima kikanukia Shekue.