Zamu ya Zingiziwa

Alfajiri nakung'uta siafu viatuni,
nafungua Zaburi. Sijamaliza mstari
Bi Mwanahawa anagonga bati:
"Mwalimu, ndoo yako iko wapi?
Maji yametoka."

Usharikani Tabata walinishonea fulana,
MTUMISHI, mgongoni, herufi nyekundu.
Sasa ni dekio la zahanati.
Linafyonza vizuri.

Nilikuja na sanduku la Maandiko.
Panya wa msitu wa Pugu wamekwisha kufika
Warumi, sura ya nane.
Watoto wanaulizia penseli.

Jioni namwosha kidonda Kibwana, mchoma mkaa.
Ananiwekea mkono wa masizi kichwani,
ananiombea kwa Kiarabu cha chuoni.
Naitikia amina. Alama siifuti.

Usiku, nyuma ya miti,
taa za jiji zinapausha mawingu.
Mama kapiga: unakula?
Mihogo, mama.
Na nani?
Nao.