Jino la Pembe

Wahenga wamenitangulia kazini.
Kila anayekalia kiti changu, Barabara ya Kumi na Mbili,
hunichomeka hilo kabla sijavaa glovu:
jino la pembe si dawa ya pengo.
Hucheka. Ni kweli,
na kodi ya chumba nayo ni kweli.

Juzi kaja Bi Mwantumu wa chuoni,
meno mawili ya mbele, ya juu, yameondoka na kisukari.
Hakulilia uzuri. Alililia herufi.
"Nikisema thaa, inatoka saa.
Nikisema faa, unatoka upepo.
Na watoto, mwanangu, husoma kama nisomavyo.
Chuo kizima kina pengo langu."

Nikamchukua kipimo kwa nta. Rudi Alhamisi.

Maji yalipokupwa nikashuka Mwambani.
Kome wameng'ang'ania jabali
kwa nyuzi za kuhesabika,
mawimbi yanawazaba makofi tangu alfajiri
wala hawana habari.
Gundi yangu mimi huomba kinywa kikauke kwanza;
tone moja la mate, imeghairi.
Wao wamegandia majini humo humo.

Nikaokota kombe la chaza, nikalivunja ukingo:
tabaka juu ya tabaka, chokaa na ute,
kama chapati ya mtu asiyebania mafuta.
Ufa ukianzia juu
hupotea njia kabla haujafika chini.

Shekiondo, tuliyesoma naye, ana chupa tatu kabatini.
Gundi aliyoiiga kwa kome.
Unga wa magamba ya kamba, anaupika uwe utando
wa kufunika ufizi uliochanika.
Na singa za mkonge wa Pongwe, kazisaga hata jicho halizioni,
azitie kwenye kijazo kisimeguke.
"Bado," anasema. "Kwanza panya, kisha karatasi,
kisha karatasi ya kuruhusu karatasi."

Babu yangu alikata mkonge miaka thelathini.
Miba ilimwandika hadi viwikoni.
Angeambiwa jani lile
litakuja kubisha hodi kinywani mwa watu
angetema mate, akaendelea kukata.

Alhamisi.
Nikamvika Bi Mwantumu ya plastiki,
nimeitia umanjano kidogo,
maana jino jeupe mno hujisema lenyewe.
"Hili la kuazima, bi. Lako linapikwa."
"Wapi?"
"Kwenye mawe ya Mwambani."
Akanitazama kama anayetazama mlevi.

Ulimi ukapanda, ukapapasa, ukapata ukuta.
"Thaa."
Tukanyamaza wote wawili.
"Thawabu. Thelathini. Fedha."
"Fedha mwisho wa mwezi," nikasema.

Akaondoka kaziba mdomo kwa mtandio,
kizingitini akageuka:
"Na huyo kome wako, akishang'olewa,
jabali halibaki na pengo?"

Nikaenda kubandua nta vidoleni.