Fundo Lililobaki

Mama hakuipenda poliesta.
Akiigusa, alifuta vidole kwenye aproni
kama aliyeshika samaki wa jana.
Pamba, alisema, hunywa nili hadi ikalewa;
hariri huona haya, ikajikunja yenyewe;
lakini hiki kitambaa cha mafuta
hakinywi, hakilewi, hakina haya.

Ila hapa Arimatsu wanunuzi wa kimono walikuwa wamepukutika,
na Teppei, kaka yangu, akarudi kutoka Nagoya na mabunda matatu,
akayatua sebuleni, juu ya tatami:
"Kifunge hivyohivyo, Mama. Moto utamaliza."

Akafunga.
Kila nyumba mtaani kwetu ina fundo lake,
na letu ni la buibui:
unainyanyua ncha ya kitambaa kwa ndoana,
unaizungushia uzi, ukiubana, ukipanda,
ukishuka, kisha unahamia fundo la pili bila kukata.
Kidole kimoja hakivunji chawa;
lakini kidole cha shahada cha mama kilikuwa na mfereji
uliochimbwa na uzi kwa miaka hamsini na mitatu,
na sidhani kama kuna chawa angethubutu.

Mafundo elfu nne. Niliyahesabu mimi; yeye alikuwa akisikiliza redio.
Mvua za Juni zikaja, ukoga ukaota kwenye ngazi ya Bi Isoko,
na blauzi iliyoanza pana kama shuka
ikanywea,
ikanywea,
hadi ikatosha kiganjani.

Tukaipika kwa mvuke.
Poliesta ikalegea, ikasahau unyoofu wake,
kisha ikapoa ingali kifungoni.
Siku ya kufungua tukaivuta, mimi huku, yeye kule:
pachi, pachi, pachi,
nyuzi zikaruka kama bisi sufuriani,
na pakatokea — wewe unayelijua stafeli,
waza stafeli jeusi, jepesi, lisilo na nyama ndani,
miiba yake yote laini.

Bi Isoko alicheka hadi akakohoa.
"Hii ni ya mwanasesere!"
Ikapita kichwani, ikapita kifuani
(na kifua cha Bi Isoko si haba),
ikatanuka bila kunung'unika.
Alipoivua ikarudi kuwa ngumi.
Mama hakucheka. Aliivuta, akaiachia. Akaivuta tena.
"Kumbe na wewe una haya," akaiambia.

Mwaka uliofuata ugonjwa ukaanza kumpunguza.
Nguo zikamwacha moja moja:
sketi ya kijivu, koti la harusi za watu, hata soksi.
Blauzi peke yake ilimfuata chini
kilo kwa kilo, bila kumsuta.
Wauguzi walipotaka kumvika gauni la hospitali
aliung'ang'ania upindo kwa kidole kile chenye mfereji.

Nilidhani itakuwa imemtunza.
Siku ya arobaini na tisa ilipopita nikaitoa sandukuni,
nikatafuta bega lake, kiwiko,
ule upande wa kushoto aliouinamisha akifunga.
Hamna.
Ngumi ileile.
Kitambaa hakikumbuki mwili,
kinakumbuka uzi tu.

Nguo ya kuazima haisitiri, wanasema. Niliivaa.
Na chini ya kwapa kitu kikanikwaruza:
fundo moja lililotuponyoka siku ile,
uzi wake ungali umezunguka,
umepanda, umeshuka,
umebanwa kwa nguvu za mtu mwenye afya.

Teppei amenipa mkasi mara mbili.
Nimeutumia kukatia vitunguu vya majani.

Nikiinua mkono kuanika nguo,
nikiinua mkono kusimamisha teksi kwenye mvua,
linanidonoa.

Nimesikia, nasema. Nimesikia.