Hodi ya Kutokea

Siku ya kwanza nilisema ni jino.
Salhina ana miezi kumi na mmoja, kila kitu ni jino.
Nikamwacha kwa bibi yake, nikaenda zangu
Barabara ya Nane, kwenye charahani.

Siku ya pili nilimgusa, kiganja kikaruka
kama nimeshika pasi ya mkaa.
Bi Mwanatumu akaloweka kanga,
ile yangu ya harusi, bila kuniuliza,
akamkanda shingo, akamkanda kwapa.
"Homa haiulizi kanga ya nani."

Siku ya tatu, Bombo. Kipimo cha malaria: mstari mmoja.
Nilitamani iwe miwili, Mungu anisamehe.
Malaria naijua, ina dawa yake na bei yake.
Sista Kihiyo akasema, "Kirusi tu.
Mpe dawa ya homa, mnyonyeshe.
Akishikwa degedege, akilegea, akikataa titi,
mlete hata saa nane za usiku."
Nikatoka na neno moja mkononi
kama chenji pungufu.

Usiku huo umeme ulikatika.
Nilihesabu pumzi zake gizani, ninavyohesabu mishono,
nikipotea naanza tena.

Alfajiri ya nne, amepoa.
Amepoa kabisa, nami ndipo nikaogopa,
maana si wazima tu wanaopoa.
Kisha akanivuta sikio, kwa nguvu,
na mimi nikacheka huku nalia.

Nikamvua fulana nimwogeshe.
Tumboni, mgongoni, hadi shingoni:
vipele, vyekundu, vidogo, vingi.
Nikapiga yowe. Bi Mwanatumu akaja, mikono ina unga,
akabonyeza kimoja kwa kidole; kikafifia, kikarudi.
"Surua?" nikauliza.
"Surua huja na homa yake wameshikana mikono.
Hii imeipisha homa mlangoni kwanza.
Baba yake alitoka hivi hivi, akiwa hajasimama dede."
"Mgeni gani huyo, asiyebisha hodi akiingia?"
"Huyu hupiga hodi akitoka."
Akarudi kwenye chapati zake.

Siku mbili, ngozi ikawa safi, kama hapakuandikwa kitu.
Nimerudi kwenye charahani.
Mama Chausiku anataka gauni lake Ijumaa,
kitambaa cheupe, nukta ndogo nyekundu.
Nimemwambia uzi umeniishia.
Uzi upo.