Anayefuata Pacha

Ruta ya kwanza niliiandika Kulwa kwa wino mzito,
ya pili Doto.
Bi Generosa, mhasibu, akavua miwani:
"Mbili za nini, kazi ikiwa moja?"
Nikamkumbusha Jumanne ile ya mvua,
wanawake wa dagaa foleni hadi nje ya geti la Mwaloni,
vitabu vya akiba kwapani,
na sisi ndani tunaikodolea taa nyekundu
kama wafiwa.
Pesa ilikuwepo. Njia ndiyo haikuwepo.
Dagaa hawajui kungoja mtandao;
walinunua wengine.

Akasaini.

Basi sikiliza wanavyoishi:
Kulwa anabeba, Doto anatega sikio.
Kila sekunde Kulwa hunong'ona, nipo.
Nipo. Nipo.
Minong'ono mitatu ikipotea
Doto hasubiri kutumwa,
anaupokea mzigo ungali na joto la mgongo wa mwenzie,
na mwanamke dirishani hajui
kwamba kati ya dole gumba lake na risiti
kuna mmoja ameanguka.

Na anwani inayoitwa na mashine zote za ofisi
si ya Kulwa, si ya Doto.
Ni ya tatu, haina mwili,
inakaa kwa yeyote aliye hai.
Hiyo niliipa jina langu.
Kwetu Magu azaliwaye nyuma ya pacha ni Shija.

Nikajiona fundi.
Ijumaa, saa nne asubuhi, Kabula wa usafi
akachomoa waya mmoja ukutani achemshe chai:
Kulwa kimya. Doto kimya.
Pacha wangu nilikuwa nimewanyonyesha ziwa moja.

Tangu siku ile nawinda kilicho kimoja.
Soketi: nikaweka mbili, na betri kwa kila mmoja.
Mikongo: kampuni mbili, bili mbili, nembo mbili,
nikaifuata kwa miguu barabara ya Makongoro,
kumbe imelala mfereji mmoja, shavu kwa shavu,
ikingoja sururu moja.
Ya pili nikaipandisha hewani,
kutoka paa letu hadi antena ya Isamilo,
kule mawe yalikopandana
na hujui lipi limebeba lipi.

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa.
Lakini saa nane za usiku simu ikiita
ni yangu tu inayoita.
Nywila zote kichwani mwangu, na kichwa ni kimoja.
Juzi malaria ilinilaza siku tatu.
Bi Generosa alikuja na machungwa,
na chini ya machungwa daftari jipya,
akasema bila kunitazama: "Andika."

Nimeandika kurasa kumi na moja.
Kabula anazisoma kwa sauti, anauliza maswali ya kuudhi,
maswali mazuri.
Jana alimzima Kulwa kwa makusudi,
tukahesabu pamoja, moja, mbili, ta—
taa ya kijani.

Nje ya dirisha ziwa, hadi macho yanapoishia.
Mji mzima, mitambo ya barafu, mabomba, birika letu hili,
wote tunanyonya hapo.
Nikamwuliza Kabula: na hili, la akiba liko wapi?
Akacheka. Akaongeza sukari.
Kisha akaacha kukoroga, akatazama maji.